Mabakuli ya moto kando ya bwawa la kuogelea, Mwanza: nisaidieni kuchagua

#1 Nyota ya Luchelele

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Luchelele, upande wa mlimani. Ziwa naliona lakini sipo ufukweni. Bwawa letu la nyuma ya nyumba limekamilika: urefu mita 9, upana mita 4, tailizi za bluu, na ukingo tumeuzungushia mawe yaleyale tuliyopasua wakati wa kuchimba msingi. Kilichobaki ni moto.

Natafuta mabakuli ya moto. Kwa ambaye hajayaona, ni bakuli pana la shaba, chuma au zege linalokaa juu ya nguzo fupi pembeni mwa bwawa. Moto unawaka ndani ya bakuli, na giza likiingia unauona mara mbili, pale juu na ndani ya maji. Mengine yana mdomo wa kumwaga maji, moto unawaka juu na maji yanadondoka chini yake.

Sababu yangu si mapambo tu. Baba ana miaka 78, amehamia kwangu tangu tumzike mama. Amekulia Magu, na kila jioni anasimulia habari za shikome, ule moto wa kaya ya Kisukuma ambao wanaume waliuzunguka jioni, na vijana wakapewa hapo habari za ukoo, vitendawili na makaripio. Wanangu wawili wanamsikiliza dakika tano, wanarudi kwenye simu. Nimewaza kwamba moto ukiwepo, watakaa.

Mpango wangu ni mabakuli manne ya shaba, kipenyo sentimita 75, moja kila kona, juu ya nguzo za sentimita 50, ya kuni. Nimeyaona kwenye picha za nje na moyo umeyapenda. Ila sijui kama shaba inafaa kwa hali ya hewa yetu, sijui kama niagize au nimpe fundi wa Nyakato anitengenezee, na mume wangu anasema gesi ni bora kuliko kuni. Mwenye uzoefu anieleze kabla sijatoa hela.

#2 Bwiru Juu

Nafuatilia uzi huu. Na mimi nina bwawa, nimekuwa nikiwaza jambo hilohilo.

#3 Fundi Mabomba

Dada, hongera kwa bwawa, na pole sana kwa kuondokewa na mama.

Natunza mabwawa ya kuogelea hapa mjini, huu mwaka wa kumi na moja. Nakusihi ondoa kuni pembeni mwa maji. Jivu ni magadi. Bibi zetu walilichuja wakapata magadi ya kulainishia mboga, sasa fikiria upepo unamwaga hayo magadi kwenye bwawa lako kila jioni. Maji ya kuogelea yanatakiwa pH, yaani kipimo cha uchachu na magadi ya maji, kati ya 7.2 na 7.8. Jivu linaipandisha. Ikipanda, klorini unayotia inapungua nguvu hata kama umetia kipimo kamili, maji yanakuwa na ukungu, na tailizi zinashika utando mweupe. Chujio nalo litakuwa na kazi ya masizi badala ya kazi yake.

Na cheche hazichagui pa kutua. Una makuti popote karibu? Turubai? Mito ya viti?

Mume wako yuko sahihi. Kando ya maji weka gesi.

#4 Nyota ya Luchelele

Kaka, nakushukuru. Banda la makuti lipo, mita sita hivi kutoka kona ya bwawa, upande wa nyumba.

Lakini niseme ukweli wangu. Nimemuuliza baba kuhusu moto wa gesi, akanijibu kwamba moto usio na makaa ni taa. Anataka kusikia kuni zikipasuka, anataka harufu. Nikiweka gesi nitakuwa nimemwekea mzee taa nzuri ya gharama kubwa.

#5 Karabai

Mwanangu, mimi bwawa sina, lakini moto juu ya maji nimeishi nao. Nimevua dagaa Kayenze miaka kumi na minane, enzi za taa za karabai, kabla vijana hawajahamia kwenye taa za sola. Nina neno moja kwako: upepo.

Wote mnajadili shaba na gesi, hakuna aliyeuliza upepo unatoka wapi. Hapa kwetu mchana ziwa linapuliza kuja nchi kavu, kwa sababu ardhi inashika joto haraka kuliko maji. Usiku inageuka, nchi kavu inapoa, inapuliza kwenda ziwani. Wazee wa matanga walitoka na upepo wa usiku, wakarudi na upepo wa mchana. Katikati, jua linapozama karibu saa moja, kuna kipindi upepo unatulia na kuhangaika, haujui uende wapi. Na hicho ndicho kipindi utakachotaka kuwasha moto wako.

Halafu wewe uko mlimani, kwenye majabali. Upepo ukibanwa kati ya jabali na jabali unatoka kwa nguvu na kwa upande usioutarajia. Nyumba mbili zilizo jirani zinaweza kuwa na pepo mbili.

Fanya hivi kabla hujanunua chochote. Chukua fimbo nne za urefu wa hizo nguzo zako, zichomeke kila kona, kila moja ifunge kipande cha khanga kuukuu. Kaa hapo saa kumi na mbili, saa moja, na saa tatu usiku, jioni tano mfululizo. Andika kitambaa kinaelekea wapi. Kona ambayo kitambaa kinaelekea kwenye viti, au nyumbani, au kwenye makuti, hiyo ifute.

Karabai ilikuwa na kioo chake kwa sababu hiyohiyo. Moto wa wazi juu ya maji unamtumikia upepo.

#6 Fundi Mabomba

Mzee Karabai, shikamoo. Umesema jambo ambalo mimi huwa nalijua baada ya kufunga.

Dada, fanya hilo zoezi. Wakati unalifanya, nikupe hesabu ya gesi, maana watu hununua bakuli kwa macho halafu wanashangaa mtungi.

Gesi asilia ya bomba, ile iliyofika kwa baadhi ya nyumba za Mtwara, Lindi na Dar es Salaam, huku hatuna. Tunategemea mitungi. Bakuli la sentimita 75 mara nyingi lina kichomeo cha BTU 60,000 kwa saa, yaani kama kilowati 18. Mwali mmoja mkubwa wa jiko la gesi la nyumbani ni kama kilowati 3. Kwa hiyo bakuli moja ni sawa na miali sita ya jikoni iliyofunguliwa mpaka mwisho. Linakula kama kilo 1.3 za gesi kila saa. Mabakuli yako manne yatakula zaidi ya kilo 5 kwa saa. Mtungi wa kilo 15 hautafikisha saa tatu.

Na hata hizo saa tatu hutazipata. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, ili igeuke kuwa hewa inahitaji joto, na joto hilo inalinyonya kwenye mwili wa mtungi. Ukiivuta kwa kasi kubwa, mtungi unatoka jasho, unakuwa wa baridi kama umetoka kwenye friji, presha inashuka, mwali unasinyaa huku gesi bado imo. Wateja wanadhani wamepunjwa na muuza gesi. Tiba yake ni mtungi mkubwa au mitungi kadhaa iliyounganishwa sambamba. Kwa mabakuli mawili mimi nafunga mitungi miwili ya kilo 38.

Rekuleta ya jikoni nayo usiitumie. Iangalie ubavuni, imeandikwa kiasi inachopitisha kwa saa, nyingi ni kilo 1 au 1.5. Haiwezi kulisha mabakuli mawili.

Ukiagiza kutoka nje, hasa Marekani, mengi yanakuja yametobolewa kwa gesi asilia. Tundu la gesi asilia ni kubwa zaidi, kwa sababu ile gesi ina presha ndogo na nguvu ndogo kwa ujazo uleule. Ukiliunganisha na mtungi wetu utapata mwali mrefu mwekundu wenye masizi, ukuta mweupe utakuwa mweusi wiki ya kwanza. Mwambie muuzaji kwa maandishi kwamba unatumia gesi ya mitungi, akupe tundu lake na kile kifaa cha kuchanganya hewa.

#7 Mama wa Kiseke

Shoga yangu, mimi niulize la mama. Watoto wana umri gani? Nguzo ya sentimita 50 na bakuli juu yake, mdomo wa bakuli unafika usoni kwa mtoto wa miaka mitatu au minne. Watoto pembeni mwa bwawa hawatembei, wanakimbia, na wamelowa, wanateleza. Mtu akiteleza anashika kilicho karibu. Mdomo wa bakuli la chuma unabaki wa moto muda mrefu baada ya kuzima, na ukizima hauoneshi kwamba unaunguza.

Kwangu tuliweka juu ya ukuta wa upande wa pili wa bwawa, ule ambao nyuma yake ni jabali, hakuna njia ya kupita. Ukiwa umekaa unauona moto ng'ambo ya maji. Mtu haufikii mpaka aogelee. Na kivuli cha moto kwenye maji kinakuja moja kwa moja mpaka miguuni pako, ni kizuri kuliko ungekuwa umekaa nao.

#8 Nyota ya Luchelele

Dada, asante. Wangu wana miaka tisa na sita, lakini wapwa wadogo wanakuja kila Jumapili. Hilo la urefu sikuliwaza hata kidogo. Na nina ukuta wa namna hiyo, upande wa magharibi.

#9 Mchomeleaji

Habari wadau. Nachomelea vyuma Nyakato. Nimetengeneza mabakuli kadhaa ya moto, ya kuni na ya gesi, nieleze nilichojifunza kwenye malighafi.

Shaba ni nzuri na haiozi. Itabadilika rangi, kwanza kahawia, baadaye kijani, na wapo wanaoipenda hivyo. Tatizo lake ni pale inapokuwa bakuli la moto na maji pamoja. Maji ya bwawa yakipita juu ya shaba kila siku, hasa pH ikiwa chini, yanabeba shaba na kuiacha kwenye plasta na tailizi kama doa la bluu au kijani. Ukitaka shaba, chagua ya moto peke yake.

Kile chuma kinachoachwa kipate kutu kwa makusudi kinapendeza kwenye picha. Mvua ya Novemba ikishuka, kutu linatiririka kwenye mawe ya ukingo na halitoki kirahisi. Usikiweke juu ya jiwe jeupe wala tailizi.

Zege ndilo linaloombwa sana sasa. Yanayotoka nje ni zege jepesi lenye nyuzi za kioo ndani yake. Fundi wa kwetu akikufinyangia kwa saruji na mchanga wa kawaida, akaweka moto moja kwa moja, litapasuka. Maji yaliyobaki ndani ya zege yanageuka mvuke, yanatafuta pa kutokea. Ukitaka zege la hapa, hakikisha ndani yake kuna sinia la chuma linaloshika kichomeo na mawe, na kati ya sinia na zege kuna nafasi ya hewa.

Mimi mwenyewe napendekeza chuma cha milimita 4 au 5, nimekipaka rangi ya kustahimili joto, ile ya ekzozi. Kichomeo chenyewe kiwe stenlesi, na si stenlesi ya masufuria. Klorini inaila ile ya namba 304, inaanza vidoti vya kutu. Omba 316.

Kamwe usikubali bakuli la bati lenye zinki, ndoo, karai la mabati, chochote cha namna hiyo. Zinki ikiungua moshi wake unaumiza kifua. Mafundi wa kuchomelea tunaujua vizuri.

Kuhusu mzee: nina wazo. Tafuta diski ya plau ya trekta. Wenye matrekta ya kulimia pamba na mpunga wanazitupa zikichakaa. Ina karibu sentimita 65, chuma kinene, imepinda vizuri kama bakuli. Naichomelea miguu mitatu mifupi, naziba tundu la katikati kwa wavu ili jivu lipumue. Hiyo unamwekea baba mbali na bwawa, chini, anachochea kuni zake mwenyewe. Gesi ibaki ng'ambo ya maji kwa ajili ya macho.

#10 Bwiru Juu

Hili la diski ya plau limenigusa. Kumbe mnaweza kuwa na moto wa aina mbili, na kila mmoja ukafanya kazi yake.

#11 Jabali Jeusi

Swali kutoka kwangu. Ndani ya bakuli la gesi huwa wanaweka mawe kufunika kichomeo. Hapa Mwanza tuna mawe mpaka yanatuzibia njia. Si tuchukue kokoto za granaiti au zile mbichi za ziwani zilizolainika?

#12 Mchomeleaji

Hapana mkuu, tafadhali usifanye hivyo.

Umewahi kuona wapasua mawe wanavyolivunja jabali kubwa bila baruti? Wanakoka moto juu yake, jiwe linapata joto, linaachia gamba. Jiwe letu halipendi moto wa ghafla. Kokoto ya ziwani ni mbaya zaidi, imelala majini, ina unyevu ndani ya vinyufa. Ukiipasha moto, mvuke unakosa njia na jiwe linapasuka kwa kishindo, vipande vinaruka. Pale pana watu wamekaa na miguu wazi.

Tumia mawe ya volkano, yale mepesi yenye vitundu kama jiwe la kusugulia kisigino. Upande wa Arusha yapo mengi. Vitundu vinapitisha mvuke. Hata hayo, yakinyeshewa, washa moto mdogo kwanza na kaa mbali dakika ishirini. Au vioo maalumu vya moto, vilivyopikwa kwa ajili hiyo. Si chupa zilizovunjwa.

#13 Mlinzi wa Zamu

Wakuu, naandika hili kwa uzito. Niliwahi kufanya kazi kwenye hoteli moja ya kanda hii, sitaitaja. Walikuwa na mabakuli ya gesi pembeni mwa bwawa, na mitungi waliihifadhi kwenye chumba cha pampu kwa sababu kilikuwa na kufuli. Chumba chenyewe kilikuwa chini ya usawa wa ardhi, ngazi tano.

Alfajiri moja nashuka, nasikia harufu kabla sijafika ngazi ya tatu. Muungano wa mpira ulikuwa umelegea usiku kucha. Pampu ilikuwa na saa yake ya kujiwasha, saa kumi na mbili kamili. Nilikimbia kwenye swichi kuu, iliyokuwa jengo jingine, nikazima umeme wote. Zilikuwa zimebaki dakika kama kumi na tano.

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Haipai juu ikapotea. Inatambaa chini kama maji, inatafuta shimo, inajaa humo na kusubiri cheche. Chumba cha pampu ni shimo. Mtaro ni shimo. Bwawa lenyewe likiwa limetolewa maji kwa usafi ni shimo, na ndani yake kuna mtu anasugua tailizi.

Kwa hiyo dada, mitungi ikae juu ya ardhi, nje, kwenye kizimba cha wavu chenye kivuli, mbali na pampu, mbali na mlango na dirisha. Nguzo ya bakuli kama ina uwazi ndani, itobolewe matundu chini, pande mbili zinazotazamana, ili gesi ikivuja itoke. Watu wanatoboa juu wakidhani ni moshi. Jifunze kupima kwa povu la sabuni kila unapobadili mtungi. Na namba ya Zimamoto, 114, iandikwe ukutani, watoto waijue.

#14 Nyota ya Luchelele

Nimesoma maneno yako mara mbili, na mwili umesisimka. Ramani yangu ilionesha mitungi kwenye chumba cha pampu. Kwa sababu ileile, kufuli. Mungu akubariki.

#15 Fundi Mabomba

Naongezea kwa Mlinzi. Uchague bakuli lenye kiwashio cha umeme mdogo, volti 12 au 24, chenye kihisi cha mwali. Upepo ukizima moto, valvu inafunga gesi yenyewe. Umeme wa nyumba ukikatika nayo inafunga. Yale ya kuwasha kwa kiberiti ni rahisi, lakini upepo wa mzee Karabai ukiyazima, gesi inaendelea kutoka kimyakimya, na inamwagikia bwawani. Kwa mahali penye upepo kama kwako mimi sikubali kufunga ya kiberiti.

Bomba la gesi lipite kwenye mtaro wake, lisichanganywe na waya za umeme. Lijazwe hewa ya presha na kuachwa usiku mzima kabla ya kufukia. Fundi akikuambia tufukie tu, mwambie asubiri asubuhi.

#16 Kijana wa Isamilo

Mimi nitakuwa na mawazo tofauti. Mabakuli manne kwenye kona nne ndiyo yanalipa bwawa sura. Mawili upande mmoja yataonekana kama kazi haijaisha. Gesi ni gharama, sawa, lakini si lazima uwashe kila siku.

#17 Mama wa Kiseke

Kaka, sura ya kona nne inaonekana vizuri ukiwa juu, kwenye picha ya droni. Wewe utakuwa umekaa kwenye kiti. Ukikaa, bakuli mbili zilizo karibu nawe zinakupiga joto na mwanga machoni, unashindwa kuona zile mbili za mbali. Nilijaribu kwa mishumaa mikubwa kabla ya kujenga. Jaribu na wewe, weka taa nne, kaa, halafu zima mbili za karibu. Utaona maji yanavyobadilika.

#18 Kijana wa Isamilo

Nitajaribu leo. Sikuwaza kuhusu mahali pa kukaa.

#19 Jabali Jeusi

Vipi sheria? Nasikia ukijenga karibu na ziwa unabomolewa.

#20 Fundi Mabomba

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Dada yuko mlimani. Ila kwa walio karibu na maji, mbali na sheria, kumbukeni ziwa lilivyopanda mwaka 2020 na tena 2024. Bomba la gesi lililofukiwa mahali maji yanaweza kufika ni hatari.

#21 Nyota ya Luchelele

Wakuu, nimerudi. Nimekaa na fimbo zangu jioni saba badala ya tano, baba akiwa pembeni. Alilipenda zoezi hilo kuliko nilivyotarajia, yeye ndiye alikuwa anaandika.

Mzee Karabai, ulichosema ndicho tulichokiona. Saa kumi na mbili vitambaa vyote vilielekea nyumbani. Saa moja vilining'inia, mara huku mara kule. Kufika saa tatu vimegeuka vinaelekea ziwani, isipokuwa kona ya kaskazini mashariki, ile iliyo kwenye mwanya wa majabali mawili. Pale kitambaa kilielekea kwenye banda la makuti jioni zote saba. Ndipo nilipokuwa nimepanga bakuli la kwanza.

Nimeamua. Mabakuli mawili ya gesi, ya chuma, sentimita 60, juu ya ukuta wa magharibi ng'ambo ya maji, kihisi na kiwashio cha umeme, kioo kifupi cha kukinga upepo, mawe ya volkano. Shaba nimeiacha, ingawa moyo bado unaiangalia. Mitungi itakaa kwenye kizimba nje ya ukuta wa mashariki. Diski ya plau ya baba itakaa bustanini, mita kumi na mbili kutoka bwawani, upande ambao upepo wa jioni unapeleka jivu kwenye shamba la migomba.

Mchomeleaji, nimekutumia ujumbe binafsi.

#22 Karabai

Huyo mzee aliyeshika kalamu jioni saba namheshimu. Kuni zake ziwe kavu, na msimpe mbao za mtumbwi wa zamani. Zina lami na rangi, moshi wake si wa kukalia. Tawi la mwembe lililokauka linatosha.

#23 Mama wa Kiseke

Usisahau mifuniko ya yale mabakuli mawili. Mvua ni jambo moja, buibui ni jingine. Wanapenda kujenga ndani ya tundu la gesi, na tundu likiziba nusu mwali unarudi nyuma. Na zile jioni ambazo wadudu wa ziwani wanakuja kama wingu la moshi, usiwashe kabisa. Wanafuata mwanga, utaamka bwawa limefunikwa utando mweusi.

#24 Bwiru Juu

Dada, ukimaliza rudi utuambie.

#25 Nyota ya Luchelele

Nimerudi, ni wiki ya sita sasa. Samahani kwa kimya, fundi alichelewa kupata kichomeo cha 316.

Tuliwasha Jumamosi. Fundi aliliacha bomba na hewa ya presha usiku mzima na presha haikushuka, tukapima kila muungano kwa povu. Saa moja na nusu upepo ulipozima bakuli la kushoto, nilisikia valvu ikifunga, tak, kabla sijasimama. Likajiwasha lenyewe. Mume wangu aliomba tulizime kwa makusudi mara tatu zaidi ili asikie tena ile sauti.

Miali miwili ndani ya maji ni mizuri, sina maneno. Baba aliitazama akasema ni mizuri. Halafu akabeba kiti chake akaenda kwenye diski yake.

Watoto walimfuata kwa sababu ya mahindi, nisidanganye. Mahindi yakaisha, wakabaki. Mkubwa alisumbuliwa na moshi akawa anahamahama, huku na huku, macho yanatoka machozi. Akamuuliza babu, wewe mbona moshi haukufuati? Baba akamwambia zamani shikomeni mtoto alianza kufundishwa kukaa, kabla ya hadithi yoyote. Akachukua kile kipande cha khanga kilichobaki kwenye fimbo yetu, akakishika juu, wakakitazama wote watatu. Kisha akawasogeza wakakaa upande upepo unakotoka.

Mfuniko wa bakuli la kulia haukai sawasawa. Mchomeleaji anakuja Alhamisi.

#26 Karabai

Mpe mzee salamu zangu, mwambie ni mvuvi wa Kayenze. Mwezi ukiwa gizani, yazimeni yale mawili ya gesi, bakini na diski tu. Mtaziona taa za dagaa zikijipanga upande wa Kamanga.